Utulivu wa Verani

Asubuhi za mwanzo wa upepo wa Kusi, bahari ya Verani, upande wa magharibi wa rasi ya Kigomasha huko kaskazini mwa Pemba, hutulia mpaka mtu akaona kivuli cha chombo chake juu ya mchanga wa chini. Utulivu huo ulikaribia kunitoa roho miaka sita iliyopita, mwishoni mwa Mei. Tangu siku ile nimekuwa nikiwaeleza vijana wa Makangale, mmoja mmoja, yaliyonipata, hadi nikaona ni bora niyaandike yote pamoja, kwa sababu kila mwaka mvua za masika zinapoanza kukatika humwona kijana mwingine akiburura kayaki mchangani akiwa na mshipi na ndoana, hana jaketi la kujiokolea, macho yake yameridhika na maji yaliyolala mbele yake.

Kayaki yangu niliinunua kwa wenye nyumba moja ya wageni waliokuwa wanauza vyombo vyao vya zamani. Ni ya plastiki, ya aina ya kukalia juu, urefu wake ni mita tatu na nusu na uzito wake ni kama nusu ya mfuko wa saruji, kwa hiyo naweza kuibeba begani peke yangu. Mtumbwi wa ami yangu, uliochongwa kwa gogo la mwembe, unahitaji watu wanne kuushusha majini. Wepesi ule ulinifurahisha sana, na ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba mtumbwi wa mwembe hukaa ndani ya maji, ilhali kayaki hukaa juu yake, na kilichokaa juu ya maji ni mali ya upepo.

Katika miezi ya upepo wa Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, nilivua kwa kayaki ile karibu kila juma, nikapata changu na kolekole wa kula nyumbani na wa kuuza, nikajiona nimeijua bahari ya kwetu. Kumbe nilikuwa nimejua nusu yake tu. Kaskazi likikuzidi nguvu hapo Verani hukusukuma kuelekea kusini, upande wa visiwa vya Njao na Fundo, ambako kuna mikoko, watu na pa kushukia. Kusi hukusukuma upande mwingine kabisa, nje ya ncha ya Kigomasha, na ukishaipita ncha hiyo huna kisiwa cha kukudaka. Mbele yako ni Mkondo wa Pemba, ambao kina chake hufikia mita 800, na ng'ambo yake ni Kenya, upande wa Shimoni na Wasini, mwendo wa kilomita 40 hivi.

Mvua za Aprili zilinifungia ndani, na hamu ya bahari ilikuwa imenijaa. Siku yenyewe ilikuwa ya pili baada ya mwezi kuandama, maji ya bamvu, yanayojaa na kukauka kuliko siku nyingine, ambayo kwetu hujaa mnamo saa kumi alfajiri na kukauka mnamo saa nne asubuhi. Niliswali, nikanywa kikombe cha mkandaa, chai isiyo na maziwa, nikashuka pwani na ngisi wanne wa chambo, mishipi miwili na nanga ndogo ya nondo. Simu niliitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaiweka ndani ya kishimo cha omo, yaani mbele ya chombo. Jaketi la kujiokolea nililifunga nyuma ya kiti kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, kwa sababu lilikuwa linanikwaruza shingo, na zaidi kwa sababu hakuna mvuvi wa kijijini kwetu anayelivaa na mimi sikutaka kuonekana mwoga. Mama nilimwambia nakwenda pwani, neno ambalo kwetu linaweza pia kuwa na maana ya kwenda kununua samaki. Sikutaja kayaki kwa makusudi, kwani tangu meli ya MV Skagit izame karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, mama hataki kusikia habari za bahari ya Kusi.

Nilipokuwa nikiondoka niliziona ngalawa tatu zimevutwa juu mchangani, juu kabisa kupita alama ya maji makuu, na matanga yake yamekunjwa na kufungwa. Nikadhani wenyewe wamechoka.

Nilivuta kafi polepole hadi kwenye mwamba ulio kama kilomita moja na nusu kutoka ufukweni, nikatia nanga, nikaanza kuvua. Kwa muda wa saa moja na zaidi sikuona lolote la kunitia shaka. Nilipata kolekole mmoja mzuri na changu wawili. Kisha, mnamo saa mbili, nikasikia harufu ya majani mabichi na udongo uliolowa, harufu ya msitu wa Ngezi baada ya mvua, inanijia baharini pale nilipo, na ngozi ya shingo yangu ikapata ubaridi mzuri. Nakumbuka nilivuta pumzi ndefu nikamshukuru Mungu kwa asubuhi nzuri. Leo harufu hiyo hunishtua kuliko mawimbi, kwa sababu ukiinusa Ngezi ukiwa baharini upande wa magharibi, maana yake ni kwamba upepo unatoka nchi kavu na kila ukipiga unakutia nje. Ufukweni hauusikii, kwa kuwa miti na mwinuko wa nchi vinaukinga, nawe hubaki unaamini kwamba shwari ya karibu na pwani ndiyo shwari ya bahari nzima.

Ndani ya robo saa maji yalianza kuota vilele vyeupe. Kamba ya nanga nilikuwa nimeifunga kwenye mpini wa kubebea ulio ubavuni, karibu na paja langu la kulia, mahali ambapo mkono unafika kwa urahisi, na hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote niliyoyafanya baada ya kuondoka ufukweni. Chombo kilichofungwa nanga ubavuni hakiwezi kugeuza omo wake kuelekea upepo, bali hukaa kikingama na kila wimbi hukipiga mbavuni. Niliinama kuivuta kamba, uzito wangu na mvuto wa nanga vikawa upande mmoja, wimbi likaja kutoka upande wa pili, nikawa ndani ya maji kabla sijajua nimepinduka.

Nataka nieleze vizuri habari ya baridi, kwa sababu ndiyo watu wanayoikataa ninapowasimulia. Huniambia bahari yetu si ya Ulaya. Ni kweli kwamba mwezi Machi maji ya kwetu hufika nyuzi 29 au 30, na hata katikati ya kipupwe, Julai na Agosti, hayashuki sana chini ya nyuzi 25. Lakini mwili wa mtu una nyuzi 37, na maji hunyang'anya joto kwa kasi kubwa mno kuliko hewa. Ajabu ya kwanza niliyoiona ni kwamba nilipokuwa ndani ya maji nilisikia vuguvugu, na kila nilipojiinua juu ya kayaki upepo ulinipiga kwenye fulana ya pamba iliyolowa nikawa natetemeka, kwa hiyo mwili ulinishawishi nirudi majini, nami nikarudi mara mbili kwa hiari yangu. Mvua ikaanza kunyesha. Nilijaribu kufungua fundo la nanga. Lilikuwa limevimba kwa maji na kukazwa na mvuto, na vidole vyangu, ambavyo vimefunga na kufungua mafundo tangu utotoni, vilikuwa vinaligusa tu bila kulishika, kama vidole vya mtu mwingine. Kisu nilikuwa nacho, lakini kilikuwa ndani ya kikapu cha samaki, na kikapu kilikuwa kimekwishakwenda na maji pamoja na kolekole wangu.

Kilichonifungua kilikuwa bahati. Mpini wa plastiki ulichomoka pamoja na skrubu zake, nanga ikabaki chini na kayaki ikawa huru. Kafi nililipata kwa sababu mshipi ulikuwa umejiviringisha juu yake. Mara ya tatu nilifanikiwa kupanda: niliogelea hadi ubavuni, nikalaza miguu juu ya maji nyuma yangu na kuipiga kwa nguvu, nikajitelezesha kifudifudi juu ya chombo kama mtu anayepanda kitanda cha juu, kisha nikajigeuza taratibu nikakaa. Sikuwahi kujifunza jambo hilo kabla. Nililibuni pale pale, na kama ingehitajika mara ya nne nisingekuwa na nguvu za kulirudia.

Kwa karibu saa nzima nilivuta kafi kuelekea ufukweni. Wavuvi wa kwetu hushika alama mbili za nchi kavu, moja ya mbele na moja ya nyuma, ili kujua chombo kinakwenda wapi, nami nilikuwa nimeshika mnazi mmoja uliopinda na mvule mrefu ulio nyuma yake. Kila nilipoinua kichwa, mvule ulikuwa umesogea kidogo zaidi kushoto kwa mnazi. Maana yake nilikuwa natumia nguvu zangu zote huku nikichukuliwa kaskazini. Mnara wa taa wa Kigomasha, ambao asubuhi ulikuwa mbali kushoto kwangu, ulikaribia kuwa mbele yangu. Baadaye nilijifunza kwamba mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa Kusi huongezeka kasi hadi mahali pengine ukafika kilomita 7 kwa saa, ilhali mtu mwenye nguvu zake, katika maji matulivu, huendesha kayaki kwa kilomita 5 hivi. Kwa hesabu hiyo, nilikuwa nimekwishashindwa kabla mikono haijachoka.

Niliokolewa na mashua ya mashine iliyokuwa imechelewa kurudi kwa sababu mashine iliwasumbua usiku. Waliliona kafi jeupe nililokuwa nimelisimamisha juu. Nahodha, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, aliniuliza jina nikashindwa kulitamka, ulimi ulikuwa mzito kama wa mtu aliyeamshwa usingizini. Akasema, "Mwanangu, bahari ya leo hata sisi twaikimbia, nawe wenda wapi nayo?" Wakaifungasa kayaki nyuma, wakanivua fulana, wakanikausha kwa shuka, wakanifunika kwa tanga kuukuu na kunikalisha kati ya watu wawili chini ya ubavu wa mashua ambako upepo haukufika. Kijana mmoja alitaka kunisugua mikono kwa nguvu na nahodha akamkataza, akasema nipewe chai yenye sukari nyingi, funda moja moja. Nilipokuja kusoma habari hizi niliona kwamba alifanya kila kitu sawasawa, naye hajapata kusomea popote.

Yuko mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada, Gordon Giesbrecht, aliyetumbukia mwenyewe mara nyingi kwenye maji ya barafu ili kuchunguza mwili unavyofanya. Anafundisha kwamba katika maji ya namna hiyo mtu ana dakika moja ya kuituliza pumzi yake, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inamtii, na saa moja hivi kabla ya kupoteza fahamu. Hesabu hiyo ni ya maji yao, na haituhusu sisi wa Pemba. Kinachotuhusu ni utaratibu wake, kwamba vidole hufa kabla ya moyo, na kwamba jaketi la kujiokolea lina faida ukiwa umekwishalivaa. Langu lilikuwa nyuma ya kiti muda wote ule. Kulifungua kulihitaji vidole.

Siku nne baadaye nilikwenda kwa ami yangu. "Shikamoo, ami." "Marahaba," akasema, akanitazama kwa muda kisha akaingia ndani akatoka na baiskeli yake. Hakunikaripia. Tulipanda baiskeli, yeye mbele mimi nyuma, tukakata rasi hadi upande wa mashariki, ufukwe wa Vumawimbi. Sikuwa nimepata kuwaza kwa nini wazee waliuita jina hilo. Upande wa Verani tulikotoka maji yalikuwa yamelala kama siku ile ile, na huku, baada ya mwendo mfupi tu, bahari ilikuwa inavunja tangu mbali na minazi imeinamisha makuti yote upande mmoja. Ami akaninyooshea kidole mahali mbingu inapokutana na bahari. "Tazama ule mstari," akasema. "Umenyooka?" Nikatazama. Mstari ulikuwa na meno, umechanika chanika kama meno ya mbuzi ya kukunia nazi. "Hayo ni mawimbi unayoyaona kwa kichwa tu, kwa sababu yako mbali," akaniambia. "Upepo wautazama huku unakotoka, mwanangu. Kule Verani wautazama ukiwa umekwisha kukupita."

Tangu siku ile, kuanzia Aprili hadi Septemba, siteremshi kayaki Verani kabla sijakwenda Vumawimbi. Ni kazi ya nusu saa kwa baiskeli, na zaidi ya nusu ya siku hizo hurudi nyumbani bila kuvua. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania nazo nazifuata, na wanaposema upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita mbili katika visiwa vya Unguja na Pemba, hapo hata baiskeli siipandi. Lakini nimeona kwamba kwa chombo kidogo kama changu hatari huanza mapema kuliko onyo. Upepo ambao mashua haiujali unatosha kabisa kuizuia kayaki isirudi, na kwa hiyo siwezi kumwambia kijana asubiri tangazo la redio ndipo aogope.

Vilevile nimebadili namna ya kwenda. Zamani nilikuwa naelekea moja kwa moja kwenye samaki. Sasa naanza kwa kuvuta kafi kuelekea upepo unakotoka, kusini, nikiwa na nguvu zangu zote, ili wakati wa kurudi upepo unisukume nyumbani, na ikiwa mwanzo huo ni mgumu najua jibu nikiwa bado mita mia mbili kutoka ufukweni. Sivuki mwamba wa kwanza. Saa tatu niwe nimeinua mshipi, hata samaki wawe wanakula, kwa sababu Kusi hukaza jua linapopanda. Nanga naifunga kwenye omo kwa kamba iliyoshikwa na boya dogo, ambayo naweza kuiachia kwa mvuto mmoja na kuirudia siku nyingine. Kafi limefungwa kwa uzi kwenye chombo. Kisu na filimbi viko kifuani, juu ya jaketi, na jaketi liko mwilini. Simu iko shingoni ndani ya mfuko usioingiza maji, ikiwa na namba ya ami na ya askari wa KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo, na mama huelezwa neno lote: nakwenda na kayaki, mwamba fulani, nitarudi saa fulani, na nisiporudi amwite nani.

Nguo imekuwa jambo la kubishana sana na wenzangu. Pamba nimeiacha kabisa. Navaa jezi ya mpira wa miguu ya mikono mirefu, ya kitambaa kinachokauka upesi, na juu yake koti jepesi la mvua nililolinunua kwenye mitumba ya Konde kwa bei ya samaki wawili. Jua likitoka nalivua. Wapo wanaonicheka wakiniona nimevaa koti kwenye bahari ya Pemba, na mimi huwaomba wafanye jambo moja: walowe fulana, wapande juu ya chombo kinachokwenda kwa kasi siku ya kipupwe, na wakae juu ya omo kwa saa moja bila kusogea. Aliyekubali hadi leo ni mmoja, na siku ya pili alikwenda Konde.

Ami bado anaamini kwamba kayaki ni chombo cha kuchezea wageni, na hapo sikubaliani naye. Mti wa kuchonga mtumbwi umekuwa adimu na ghali, kijana asiye na kitu hawezi kununua ngalawa, na chombo cha plastiki kilichotumika kinamweka baharini akajitafutia chakula. Ninalolalamikia ni kwamba tumepokea chombo bila kupokea elimu yake. Mtoto anayekua kwenye ngalawa hufundishwa na baba yake miaka mingi kabla hajaachiwa shikio, lakini kayaki mtu huinunua leo na kesho alfajiri yuko peke yake kwenye kina, kwa kuwa haina tanga la kumtisha wala haihitaji mwenzake wa kumfundisha. Kujipandisha kutoka majini kunaweza kufundishwa kwa jioni moja, mahali ambapo maji yanafika kiunoni. Nimewafundisha vijana saba wa kijijini kwetu, na kila mmoja nilimtaka ajipindue kwa makusudi akiwa amevaa nguo zake za kuvulia, mara tano, mpaka aweze kupanda akiwa amechoka.

Mei ya mwaka huu, asubuhi ya kwanza baada ya mvua kukatika, nilishuka Verani nikakuta maji yamelala na samaki wanaruka karibu na mwamba. Nilikuwa nimenunua ngisi sita jana yake. Nikaiacha kayaki imefudikizwa chini ya mkungu, nikapanda baiskeli hadi Vumawimbi, nikasimama pale juu ya mchanga mkavu nikautazama mstari kwa muda mrefu. Ulikuwa na meno. Ngisi nilimpelekea mama, akawapika kwa nazi, na saa nne asubuhi, tulipokuwa tunakula, upepo ulikuwa unaligonga bati la jikoni.